Usiku wa michezo wa kuchangisha hela mtaani: mwongozo kamili kwa kamati za Mtwara na Lindi zenye bajeti ndogo

Msimu wa korosho ukikaribia meseji zinazonijia kutoka kwa kamati zinakuwa zile zile. Tulifanya harambee, watu walijaa, tulicheka mpaka basi, tulipokaa kuhesabu hela ikarudi ile ile ya spika na turubai. Wengine wanaishia hasara kabisa, kamati inadaiwa na fundi muziki na choo cha shule bado shimo. Ukiwauliza mliweka michezo gani unaambiwa mashindano ya bao, mechi ya mpira, na ngoma. Michezo mizuri yote hiyo, ila ni ya kutazama, na anayetazama hatoi kitu.

Mchezo wa kuchangisha unatakiwa uwe mfupi kama dakika moja hivi, bei yake iwe sarafu moja ya mia tano, na mtu akikosa ajisikie kabisa kwamba "nilikuwa nimekaribia bana, lete tena". Hapo ndo hela ilipo, kwenye kurudia. Mgeni rasmi na bahasha za ahadi ni nyongeza tu, zikija poa, zisipokuja usiku wenu usife.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Manila ngumu za A4 za rangi moja, kurasa 16, maka peni mbili na mkasi (za kuponi)
- Makopo matupu 20 ya saizi moja, ya nyanya au ya maziwa, midomo yake igongwe kwa nyundo isikate watu
- Soksi kuukuu na matambara ya kutengenezea mipira
- Chupa 12 za soda za kioo, azima na kreti lake dukani
- Mpira wa maji, kipande cha mita 3, na vijiti vinavyoingia ndani yake
- Chupa kubwa inayoonyesha ndani, na korosho ghafi kama kilo moja
- Kamba nene ya mita 20, hii waone wavuvi
- Mbuzi za kukunia nazi nne, nazi kama kumi, mizani ndogo ya dukani
- Vifuu vya nazi, ndimu, vijiko, magunia matupu
- Taa za sola au za kuchaji zisizopungua nne, spika na maiki
- Vidumu vya lita 5, kimoja kwa kila mchezo, kila kimoja kitobolewe mdomo mwembamba wa kuingiza kuponi
- Kisanduku cha hela chenye kufuli, daftari, na chenji ya 30,000 ya sarafu za 500 na 200
- Zawadi ndogo ndogo: pipi, kalamu, daftari, vipande vya sabuni, viberiti, vipakiti vya korosho za kukaanga

Mnachonunua hapo ni manila, zawadi na nazi. Vingine vyote azimeni, na kila cha kuazima kiandikwe kwenye daftari na jina la mwenyewe, maana mbuzi ya bibi wa watu ikipotea mwakani hamtapewa hata kijiko.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe ambayo watu wana hela na wapo nyumbani

Huku kwetu kalenda ya hela ni korosho. Minada inaanza kuanzia Oktoba, lakini mnada kufanyika siyo hela kufika, kwa hiyo subirini malipo yaanze kuingia kwenye akaunti za wakulima wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya eneo lenu ndo mpange. Msisubiri sana lakini, mvua za kusini zikishachanganya kuanzia Desemba uwanja unakuwa tope na likizo ya shule nayo inakuja na jando na unyago, kila familia ina mchango wake wa kulipa.

Kama mko pwani, yaani Mikindani, Shangani, Msangamkuu, Mchinga, Kilwa Kivinje na kwingine, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hawaendi baharini mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu dagaa hawafuati taa. Usiku huo wapo nyumbani, hawana kazi, na nyie mnapata mwanga wa bure.

Epukeni Ramadhani, epukeni siku ya Simba na Yanga (hata msijaribu kubishana na hili), na ulizeni msikitini na kanisani kama kuna shughuli.

Muda unaofaa ni kuanza saa 10 jioni na michezo ya watoto, mnazima spika ikifika Magharibi, mnarudi na michezo ya wakubwa, mnazima tena kidogo kwa Isha, mnafunga saa 4 usiku. Mkipitisha hapo watakaobaki ni wale ambao hela yao imeshaisha.

Mkipatia hatua hii, mtu anayeambiwa tarehe hasemi "tutaangalia", anauliza ni saa ngapi.

## Hatua ya 2: Vibali, na kaeni mbali na bahati nasibu

Wiki mbili kabla andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala iende kata, iseme hela ni ya nini, nani wanasimamia na shughuli inaisha saa ngapi. Kwa ajili ya muziki na mkusanyiko muoneni afisa utamaduni wa halmashauri, na polisi wajue. Mkienda siku mbili kabla mtazungushwa, na siyo kosa lao.

Sasa kuna hili la kuuza tiketi halafu mnachomoa namba kwenye kofia, aliyetajwa anaondoka na baiskeli. Watu wanalipenda kwa sababu ni rahisi. Kisheria hiyo ni bahati nasibu, iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kucheza kamari. Afu tuseme ukweli, nusu ya mtaa wenu watakwambia ni haramu na hawatasogea, na wengine watasusia hata wali. Kwa nini ujichongee? Michezo yote niliyoweka humu chini mtu anashinda kwa shabaha, nguvu, akili au miguu yake.

## Hatua ya 3: Tengeneza kuponi, hela ishikwe sehemu moja tu

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo inayoua shughuli nyingi. Kila msimamizi wa mchezo anapokea hela mkononi, anaweka mfukoni pamoja na hela yake, rafiki yake anacheza bure, katikati anatumwa chenji, saa 4 anarudisha elfu nane na hakuna mtu anayejua kama ni sahihi. Na yeye mwenyewe hajui! Anaweza akawa mwaminifu kabisa na bado akasemwa mwaka mzima.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kukata manila, pindua nyuma upige mstari wa nyoka nyoka kwa maka peni kuanzia kona hadi kona, mara kadhaa, ili kila kipande kiwe na alama yake. Mtu akikata manila ya kwake nyumbani itajulikana.
2. Kata kila ukurasa vipande 32 (nane kwenda chini, vinne kwa upana). Kurasa 16 zinakupa kuponi 512.
3. Kila kuponi ni shilingi 500. Usiweke bei mbili tofauti, utawachanganya wauzaji usiku taa zikiwa hafifu. Mchezo wa bei kubwa unadai kuponi mbili au zaidi, basi.
4. Meza ya hela ikae mlangoni na watu wawili wasio wa nyumba moja. Mmoja anapokea hela, mwingine anatoa kuponi. Hawaondoki wote kwa pamoja hata kidogo.
5. Wekeni lipa namba ya kikundi iandikwe kwa herufi kubwa, na anayelipa kwa simu aonyeshe meseji, ninyi mhakikishe na ya kwenu imeingia, ndo apewe kuponi. Kuna watu wanaonyesha meseji ya juzi.

Onyo: ile 30,000 ya chenji iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya kuuza kuponi hata moja. Isipoandikwa mtaihesabu kama mapato, na aliyeikopesha atakuja kuidai asubuhi.

Dalili ya kufanikiwa ni kwamba msimamizi wa mchezo ukimgonga mfukoni usikie funguo tu. Kwake panaingia kuponi kwenye kidumu, hela haimgusi.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kila mchezo kabla ya kuukubali

Kwenye kikao kila mtu atakuja na mchezo anaoupenda yeye. Usibishane naye, chukua kalamu.

Kubomoa makopo: mtu mmoja anatumia dakika moja. Saa tatu ni dakika 180, nusu yake itapotea kwenye kupanga makopo na ubishi, zinabaki zamu 90. Mara 500 ni 45,000. Tuseme katika kila watu sita mmoja anashinda kipande cha sabuni cha shilingi 300, ni washindi 15, zawadi 4,500. Mmebaki na 40,500 kwa makopo yaliyookotwa.

Bao: mchezo mmoja dakika 20 kama wachezaji siyo wazee wenye kujua kufikiria, saa tatu ni michezo tisa. Hata mkidai kuponi mbili kwa mchezo ni 9,000. Watazamaji 40 wamesimama pale wameganda, hawachezi kingine.

Sisemi bao liondolewe, ukiondoa bao wazee nao wataondoka. Liwekwe, ila mjue lipo kwa ajili ya heshima. Na litumieni bao la kujifunza, kete mbili kila shimo kwenye mashimo yote 32, kete 64 zote zipo mchezoni tangu mwanzo, hakuna ile hatua ndefu ya kunamua. Mwekeni fundi mmoja akae, anayetaka kumjaribu atoe kuponi mbili, akimfunga fundi picha yake inapigwa na anatangazwa kwenye maiki. Zawadi tosha hiyo.

Kanuni ninayoifuata: zawadi zote za mchezo zisizidi robo ya kinachoingia. Ikizidi hapo mnafanya biashara ya sabuni.

## Hatua ya 5: Tengeneza michezo yenyewe

### Kubomoa makopo

Panga makopo kumi kwenye meza au benchi, manne chini, matatu, mawili, moja juu. Mengine kumi ni ya kupanga seti ya pili pembeni wakati ya kwanza inachezwa, hapo ndo unaokoa zile dakika. Mipira ni ya soksi iliyoshindiliwa matambara, saizi ya chungwa. Mchezaji anasimama hatua tano, mipira mitatu kwa kuponi moja, lazima yadondoke yote kutoka kwenye meza, kulala hakuhesabiwi.

Upepo wa bahari utawasumbua. Weka mchanga kidogo, kiganja kimoja kwa kila kopo la chini, siyo zaidi. Kuna wajanja wanajaza mchanga mpaka kopo halitikisiki, watu wanastuka raundi ya tatu na mchezo unakufa. Nyuma tundika turubai au kanga mbili ili mipira isikimbilie kwa mama ntilie.

Jaribuni siku moja kabla na watu wa rika tofauti. Akishinda kila mtu, ongeza hatua moja. Asiposhinda mtu kabisa katika kumi, punguza. Ukiona mtu amedondosha nane anashika kichwa na mkono mwingine unaingia mfukoni, umepatia umbali.

### Pete na chupa

Kata mpira wa maji vipande vya sentimita 45, kunja ukutanishe ncha kwa kijiti ndani, zungushia selotepu. Kutoka mita 3 unapata pete sita. Chupa 12 zijazwe maji zisianguke, zipangwe kwa kuachana kiganja kimoja, umbali mita mbili. Pete tatu kuponi moja. Ikiingia shingoni umeshinda. Watoto wapewe mstari wao wa karibu.

Soda zenyewe zisiwe zawadi, zinakula faida yote.

### Kukisia korosho

Huu hauna foleni, hauna zamu, ndo maana naupenda. Jaza korosho ghafi kwenye chupa, funga kifuniko, zungushia selotepu, watu wawili wasaini juu yake. Kabla ya hapo wawili hao wawe wamehesabu punje moja moja na kuandika idadi kwenye bahasha iliyogundishwa anayokaa nayo mgeni rasmi. Kilo moja ya ghafi huwa karibu punje mia mbili, inategemea ukubwa, kwa hiyo msijaze kwa kilo kamili, wakulima watawapigia hesabu wakiwa wamekaa. Jaza mpaka ifike popote pale shingoni.

Kila kisio kuponi moja, jina na namba vinaandikwa kwenye daftari. Wawili wakilingana anachukua aliyeandikwa mwanzo. Zawadi moja tu, kubwa kidogo, kama kilo ya korosho zilizobanguliwa iliyotolewa na mwanakamati.

Chupa isifunguliwe watoto wakiwa karibu, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza midomo na ngozi na mtoto yeyote akiona korosho anapeleka mdomoni. Na hizo korosho ni za kuazima, zinarudi kwa mkulima wake kesho yake, msije mkaambiwa mnafanya kangomba, yaani kununua korosho za wakulima kinyemela nje ya ushirika.

### Jela

Jamani mchezo huu hauna gharama hata senti na mara nyingi unashinda yote. Zungushia kamba kwenye miti minne au viti, weka benchi ndani, andika JELA. Vijana wanne ndo askari, wavae kofia zinazofanana. Ukitoa kuponi moja askari wanamkamata unayemtaja. Akitaka kutoka analipa kuponi moja, au anakaa dakika tatu anatoka bure. Na akitoa mbili anatoka yeye anaingizwa aliyemshtaki.

Huku kusini mchezo huu unanoga kwa sababu utani upo, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera hawajaanza leo. Ila unategemea sana mdomo wa askari. Muelekezeni kabla asiwavute watu, awaendee kwa adabu:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Samahani babu, umeshtakiwa. Umekula ming'oko sahani mbili na hujamkaribisha mtani wako."

"Nani kasema?"

"Siri ya serikali, babu. Twende taratibu, nimekubebea kiti."

Babu anacheka, anaenda, anatoa kuponi mbili, na mtani wake anafuatwa alipojificha. Hapo mmeshaingiza kuponi tatu kwa dakika mbili, na watu ishirini wamekimbilia meza ya hela kununua za kulipiza.

Onyo, na hili lisomwe kwenye kikao: asiyetaka haingizwi, neno moja tu "sitaki" na askari anaondoka na kuponi inarudishwa. Mjamzito, mgonjwa na mtu mwenye mtoto mgongoni hawakamatwi. Mashtaka yasiguse ndoa, madeni wala siasa. Askari wa kike ndo wawafuate akina mama. Mtu mmoja asikamatwe zaidi ya mara tatu, akizidi inakuwa kero, na mtu mwenye kero anaondoka na hela yake.

### Akina baba kukuna nazi

Wanaume wanne, mbuzi nne, nazi mbili mbili zilizokwisha kupasuliwa, dakika tatu, mizani inaamua. Washiriki hawalipi kitu, wanaolipa ni watazamaji: kila mshiriki ana kidumu chake na mashabiki wanatumbukiza kuponi. Kunakuwa na washindi wawili, wa mizani na wa kuponi. Hapo utaona mke wa mshiriki namba tatu anavyohangaika kutafuta chenji.

Wanawe mikono mbele ya watu, mbuzi ikague kama meno hayachezi, watoto wakae mbali. Nazi iliyokunwa iende jikoni saa ile ile ikamuliwe kwa wali au mihogo ya kuuza, ikikaa kwenye joto letu inachacha. Fanya mara mbili tu usiku mzima.

### Kuvuta kamba, mtaa kwa mtaa

Watu wanane kila upande, kila timu kuponi kumi, raundi tatu. Majina ya timu yatafutwe wiki moja kabla ili maneno yaanze mapema, Ligula wasikie Chikongola wamejiandikisha. Kamba iwe nene, nailoni nyembamba inachana viganja, na asiwepo mtu wa kuizungushia mkononi au kiunoni, kamba ikivutwa ghafla vidole vinaenda nayo. Mchezeni kwenye mchanga, pekua kwanza vigae na misumari.

### Ya watoto

Mbio za magunia, ndimu kwenye kijiko, na kutembea kwa vifuu (vifuu viwili vyenye kamba, mtoto anasimama juu yake anashika kamba). Kuponi moja inampa mtoto michezo yote mitatu, zawadi pipi kwa kila aliyemaliza. Hapa hamtafuti hela, mnatafuta wazazi wao wabaki uwanjani.

### Chemsha bongo kwa meza

Weka hii Isha ikipita, watu wameshachoka kusimama. Meza ya watu watano, kuponi kumi, maswali 15, simu zote kwenye sahani katikati ya meza. Uliza mambo ya hapa hapa ili wasiosoma sana nao wawe na cha kusema: Livingstone alifikia wapi pwani yetu mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho (Mikindani), Daraja la Umoja la kwenda Msumbiji lilifunguliwa mwaka gani (2010), mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru iko mji gani (Berlin), Rais wa awamu ya tatu alizaliwa kijiji gani (Lupaso, Masasi), magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia lini (1981). Changanya na ya jikoni na ya baharini. Majibu yawe yameandikwa na mwamuzi mmoja, anachosema ndo hicho hicho.

## Hatua ya 6: Panga uwanja

Mlango mmoja, meza ya hela pale pale mlangoni, ya kwanza kuonekana iwe makopo kwa sababu yana kelele. Jela katikati ionekane na kila mtu. Bao pembeni chini ya mti na taa yake. Chakula kiwe mwisho kabisa wa uwanja, ili anayefuata vitumbua na pweza apite kwenye michezo yote kwenda na kurudi.

Taa msitegemee umeme. Ukikatika na hamna taa za kuchaji mnafunga saa moja usiku, na meza ya hela ndo ya kwanza kuwekewa taa ya akiba.

## Hatua ya 7: Usiku wenyewe

MC ana kazi tatu tu: kutaja mchezo upi hauna foleni, kutaja waliokamatwa jela, na kila nusu saa kutaja tumefika wapi. "Tumefika milango sita, bado milango minne" inavuta watu kuliko kutaja jumla ya hela, ila lengo liwe la kushikika, milango, bati, mifuko ya saruji. Mkisema mnatafuta milioni nane, mwenye mia tano anaona yake haina maana.

Hotuba moja, dakika tano, mapema. Hotuba ikiendelea michezo inasimama, na kila dakika ya mchezo kusimama mmeshaihesabia hela hapo juu.

Mwanakamati mmoja azunguke bila kazi maalum. Mchezo ukikaa dakika kumi bila mtu, aupunguzie umbali au ahamishe msimamizi wake akasaidie wenye foleni.

## Hatua ya 8: Mnada wa kufungia

Saa 3 na nusu. Vitu vitano mpaka saba vya kutolewa bure na watu: jogoo, mkungu wa ndizi, kikapu cha mabibo kama ni msimu, pweza mkavu, kitenge. Mnada watu wa huku hawafundishwi. Anza bei ya chini, panda kwa 500, ongeza kasi, gonga.

Utamu uko hapa: MC amuombe mnunuzi airudishe iuzwe tena. Jogoo mmoja anaweza akauzwa mara nne. Ombeni, msilazimishe, mwingine kweli anataka jogoo wake.

Hela inalipwa pale pale kwenye meza ndo kitu kinatoka. Ahadi msiandike. Mtu aliyesimama mbele ya mtaa mzima akatamka elfu hamsini ya ahadi, asubuhi anaanza kupita njia ya nyuma, na nyinyi mmeshaipigia hesabu ya bati.

## Hatua ya 9: Hesabu kabla mtu hajaondoka

Watu watatu, mmoja asiwe mwanakamati, ikiwezekana mjumbe wa mtaa. Mfano wa hesabu: mlianza na kuponi 512, zimebaki 130, mmeuza 382. Mara 500 ni 191,000. Kisanduku pamoja na meseji za lipa namba vitoe 191,000, jumlisha hela ya mnada iliyoandikwa peke yake, jumlisha ile 30,000 ya chenji. Ikipishana mia tano mbili tatu andikeni ilivyo, msitoe mfukoni kujazia, maana mwakani hamtajua tatizo liko wapi.

Afu mwageni kuponi za kila kidumu, hesabuni, andikeni mchezo upi umeingiza ngapi. Jumla ya vidumu inaweza kuwa chini ya zilizouzwa kwa sababu watu wanaondoka nazo mfukoni, lakini ikiwa juu kuna kuponi feki au kuna mtu alichota kwenye kidumu akauza tena, angalieni ile mistari ya nyuma.

MC atangaze jumla usiku ule ule. Asubuhi picha ya ukurasa wa daftari wenye saini tatu iende kwenye grupu la mtaa, hela iende benki au kwenye akaunti ya kikundi na risiti ifuate kwenye grupu hilo hilo. Kamba irudi kwa wavuvi kabla hawajaihitaji, korosho kwa mkulima, kreti la soda dukani likiwa na chupa zote 12, na mbuzi zirudishwe zikiwa zimeoshwa na kukaushwa, zikikaa na maji zinashika kutu.